Neno refu la Kiholanzi likikukwama mdomoni: tafuta mshono kabla ya mkazo

Uko mbele ya kaunta ya manispaa, iwe Rotterdam au Antwerpen, namba yako imeitwa. Karani anauliza umefuata nini. Unamtajia neno moja tu, refu, ulilolikariri tangu nyumbani. Anasogeza sikio: "Wat zegt u?" Unarudia kwa sauti ya juu zaidi, naye anazidi kukunja uso. Mwisho unamwonyesha karatasi, anacheka: "Ah, verblijfsvergunning!" Nawe unaweza kuapa kwamba hilo hilo ndilo ulilosema.

Herufi zote ulizitamka. Kilichoharibika ni mahali ulipokata neno na mahali ulipokaza. Na kati ya hayo mawili, kosa la kwanza ndilo huzaa la pili, ndiyo maana mtu anaweza kufanya mazoezi ya mkazo mwaka mzima asifike popote.

Kiswahili kikitaka kufafanua kitu kwa kitu kingine hutia neno dogo la kuunganisha katikati: kibali cha ukaazi, bima ya afya, cheti cha ndoa. Kiholanzi huyashona maneno bila nafasi: verblijfsvergunning, zorgverzekering, huwelijksakte. Hata pale tunapoungana nao kwa kushona, kama katika mwanafunzi au mwanajeshi, tunashona kinyume. Kwetu kitu chenyewe hutangulia (mwana), na mkazo hukimbilia nyuma, silabi ya pili kutoka mwisho: mwanaFUnzi. Kwao kitu chenyewe huja mwisho, kwa kuwa ziekenhuis ni huis, nyumba ya wagonjwa, na mkazo hubaki mbele.

Hapa chini silabi yenye mkazo nimeiandika kwa herufi kubwa, na mshono, yaani mahali vipande viwili vya neno vinapoungana, nimeuonyesha kwa mstari wa wima.

Unatamka kila herufi, lakini hueleweki

Jisikilize unaposema ziekenhuis. Kama limetoka zie-KEN-huis, ulimi umefanya kazi yake ya Kiswahili: umehesabu kutoka mwisho, umekaza ya pili. Kipimo cha haraka ni hiki: mkazo ukiangukia e iliyofifia, umekosea, wala hakuna rufaa. E hiyo ndiyo ya -en-, -er na -e za mwishoni, na ndiyo ya ge-, be- na ver- za mwanzoni. Ni sauti ya kunung'unika tu, haina uzito wa e ya "wewe". Hata ij ya -lijk na i ya -ig zimo katika kundi hilo, ingawa maandishi hayakwambii.

Dawa yake haihitaji sikio la mwanamuziki. Tafuta mshono: zieken|huis. Funika sehemu ya pili kwa kidole. Tamka ya kwanza peke yake, kama neno la kawaida: ZIE-ken. Sasa ondoa kidole: ZIE-ken|huis. Mkazo haukusogea hata kidogo. Nomino ya Kiholanzi iliyoshonwa kwa kawaida hubeba mkazo wa sehemu yake ya kwanza, na hata uongeze vipande vingapi kwa nyuma, mwenye nyumba ni yule yule. Ongeza kitanda: ZIE-ken|huis|bed.

Sehemu ya pili nayo haifi. Inabaki na mkazo wake, ila mdogo, na irabu yake unaitamka kamili. Katika zorgverzekering mkazo mkuu uko kwenye ZORG. Ule mdogo uko kwenye ze, kwa sababu verzekering peke yake ni ver-ZE-ke-ring. Wengi wetu hukaza ke, kwa mazoea yale yale ya kuhesabu kutoka mwisho.

Ukikutana na jitu kama arbeidsongeschiktheidsverzekering, bima ya mtu aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi, usilishambulie kwa pumzi moja. Arbeids, ongeschiktheids, verzekering. Mkazo mkuu ni ile AR ya mwanzo. Yaliyobaki yashushe taratibu.

Kama unajiuliza kwa nini Mholanzi hawezi tu kukisia, kumbuka neno letu barabara. Mtu akikwambia amesimama kando ya "baRAbara", utasita kidogo, kwa sababu hiyo ni sawasawa, si njia ya magari. Kwetu jozi kama hiyo ni adimu. Sikio la Mholanzi limezoea kutambua maneno yake yote kwa namna hiyo.

Umeambiwa "kaza mwanzo", umekaza, na bado si sawa

Hii hutokea baada ya wiki chache za darasa. Mwanafunzi ameshika nusu ya kanuni, sasa anasema GE-meentehuis na BE-lastingdienst. Chanzo ni kwamba "sehemu ya kwanza" ameisikia kama "silabi ya kwanza". Si kitu kimoja. Ukifunika huis, kinachobaki ni gemeente, na neno hilo peke yake ni ge-MEEN-te. Basi ge-MEEN-te|huis. Vivyo hivyo be-LAS-ting|dienst, ver-BLIJFS|vergunning, ge-BOOR-te|akte, ver-TREK|tijd.

Maneno yaliyotoka Kifaransa na Kilatini yanatesa zaidi, kwa sababu mengi hukaza mwishoni au karibu na mwisho, na mkazo huo hubaki pale pale hata baada ya kushonwa: kan-TOOR|tijden, ben-ZI-ne|station, sa-LA-ris|strook, po-LI-tie|bureau, uni-ver-si-TEITS|bibliotheek. Stationsplein ni sta-TIONS|plein, na hiyo tion isome "shon".

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni sikukuu yao. Mpaka 2013 Waholanzi walisherehekea Koninginnedag, siku ya malkia. Tarehe 30 Aprili mwaka huo Beatrix akamwachia kiti mwanawe Willem-Alexander, na kuanzia 2014 sikukuu ikawa Koningsdag, siku ya mfalme. Mkazo nao ukahama pamoja na taji. Koning ni KO-ning. Koningin hukaza mwisho, kwa sababu kiambishi -in hujivutia mkazo. Hivyo walikuwa wakisema ko-nin-GIN-ne|dag, sasa wanasema KO-nings|dag. Ukiyatamka hayo mawili kwa kupokezana mara kumi, utakuwa umeifahamu kanuni yote ya sehemu hii.

Konsonanti zinahamia upande usio wao

Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu. Tukiona konsonanti moja kati ya irabu mbili, tunaisukuma mbele bila kufikiri. Kibaya ni kwamba Kiholanzi chenyewe hufanya hivyo ndani ya neno la kawaida, kwa hiyo mazoea yetu yanaonekana yako sahihi: bomen, miti, ni bo-men, na o yake ni ndefu, bommen, mabomu, ni bom-men, na o yake ni fupi. Kuandika m moja au mbili ndiko kunakoonyesha silabi imefungwa au iko wazi.

Kwenye mshono kanuni hiyo husimama. Huisarts, daktari wako wa kawaida, ni huis|arts. Ukisema hui-sarts umeunda neno ambalo halipo. Lesuur, saa ya kipindi cha somo, ni les|uur, na e yake ni fupi. Ukikata le-suur utairefusha e, na msikilizaji ataanza kutafuta kitu gani hicho kiitwacho "leesuur". Avondeten ni avond|eten, tandarts ni tand|arts.

Angalia pia d ya tand na ya avond. Kiholanzi hakikubali konsonanti ghuna, zile zinazotetemesha koo, kama b au d mwishoni mwa neno. D huwa t. Mshono ni mwisho wa neno kwa jambo hili, ndiyo maana husikii "tan-darts" bali kitu kama tant-arts. Sikio lako likikusaidia kusikia hiyo t, tayari umeshauona mshono.

Herufi mbili zinazofanana zikikutana usile moja katika kuandika: handdoek ni hand|doek, basisschool ni basis|school. Katika kutamka, hakuna anayesimama kuhesabu s mbili. Zinatoka kama moja. Kosa la basischool lipo hata kwa wenyeji, kwa hiyo usilie peke yako.

Unaona ng, hujui uitamke vipi

Hapa tuna bahati ambayo wanafunzi wengi kutoka kwingine hawana. Sisi tunaijua tofauti ya ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, na tunajua kh ya kheri na gh ya ghali. Ng ya Kiholanzi ikiwa ndani ya kipande kimoja ni ng' ya ng'ombe: koning, belasting, vergunning. Lakini mshono ukipita kati ya n na g, n inabaki kwake na g inakuwa ile ya kukwaruza kooni, jirani ya kh yetu.

Chukua belastingaangifte, tamko la kodi ambalo kila mfanyakazi hukutana nalo. Lina zote mbili. Belasting inaishia na ng'. Aangifte ni aan|gifte, n kisha kh. Kwa maandishi yetu ingekuwa kitu kama be-LAS-ting'-aan-khif-te. Ongeluk, ajali, ni on-geluk, si "ong'eluk". Tuingereedschap, vifaa vya bustani, ni tuin|gereedschap. Ukikosea mshono hapa, hata mkazo uwe mzuri namna gani, neno litapotea.

Unachosikia si kilichoandikwa

Zakdoek, leso, utaisikia kama "zagdoek", na k hapo inatoka kama g ya "gari", sauti ambayo Kiholanzi karibu hakina kwingineko. Voetbal husikika "voedbal". Si uzembe wa wenyeji. Kipande cha pili kikianza na b au d, hukighunisha kilichotangulia. Kikianza na v, z au g, mambo hugeuka: konsonanti sighuna iliyo mbele huishinda, hivyo stofzuiger, mashine ya kufyonza vumbi, husikika "stofsuiger", na goudvis husikika "goutfis". Usikariri. Zitamke haraka mara chache, ulimi utaangukia huko wenyewe, mradi usitie irabu ya Kiswahili katikati. Mwenye kusema "zakidoek" hatafika, kwa sababu hiyo i inaongeza silabi, na silabi ikiongezeka hata mkazo hujikuta mahali pengine.

Mshono wenyewe hauonekani

Anza kulia. Tafuta neno unalolijua mwishoni, kwani hilo ndilo kitu chenyewe, na ndilo hutoa de au het: het huis, kwa hiyo het gemeentehuis, de arts, kwa hiyo de huisarts. Ukishalipata, rudi kushoto uone kilichobaki.

Mara nyingi utakuta uzi kati ya vipande viwili: s, kama katika verblijfsvergunning, en, kama katika pannenkoek, e, kama katika zonneschijn, au er, kama katika kinderwagen. Uzi huo ni wa kipande cha kushoto, kwa hiyo kata baada yake. Mabadiliko ya tahajia ya 1995 ndiyo yaliyogeuza pannekoek kuwa pannenkoek, na n hiyo watu wengi hawaitamki kabisa. Zonneschijn halikuguswa kwa hoja ambayo bado hunichekesha: jua ni moja tu, halina haja ya wingi.

Irabu mbili zikigongana kwenye mshono na kuleta utata, tahajia hukuhurumia na kuweka kistari: zee-egel, auto-ongeluk, diploma-uitreiking. Bila kistari ungesoma a na u ya diploma-uitreiking kama irabu moja. Kwa hiyo kistari ukikiona, mshono umeshaonyeshwa, usiusake tena.

Kuna maneno ambayo yana mishono miwili inayowezekana, na Waholanzi wenyewe huyafanyia utani. Dijkramp linaweza kuwa dijk|ramp, maafa ya tuta la maji, au dij|kramp, mkakamao wa paja. Kwartslagen ni kwart|slagen, robo mzunguko, au kwarts|lagen, matabaka ya mawe ya kwatsi. Katika hayo mkazo haukusaidii, muktadha ndio hakimu. Lakini massagebed linajifichua: mas-SA-ge|bed ni kitanda cha kukandwa, MAS-sa|ge-bed ni sala ya umati.

Ukiandika kwa mkono na mstari ukaisha, kata kwenye mshono kwanza. Ndani ya kipande kata pale tu ikibidi, na usiache herufi moja ikining'inia peke yake. A-vondeten haikubaliki, avond-eten ni safi. Ukibaki na shaka, orodha rasmi ya maneno ya Taalunie, taasisi ya lugha ya Kiholanzi, ile inayojulikana kama Groene Boekje, huonyesha silabi za kila neno kwa vistari au nukta. Mkazo tafuta kwenye kamusi yenye sauti.

Umetamka vizuri, lakini maana imebadilika

Hili lilinipata mimi. Nilikuwa na miaka 26, mtoto wangu ana miezi minne, nimempeleka kliniki ya watoto. Pale mapokezi nikataka kueleza kwamba haiwezekani nikasubiri kwenye baridi, nina mtoto mdogo. Nikamkazia macho mama wa mapokezi na kukaza neno "mdogo", kama ningefanya kwa Kiswahili: "Ik heb een KLEIN kind!" Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akauliza kwa upole kama mimi ndiye bibi yake.

Een klein KIND ni mtoto mdogo. Een KLEINkind ni mjukuu. Kinachoyatofautisha mdomoni ni mkazo tu. Kivumishi kikiwa kimesimama mbali na nomino, nomino ndiyo hupata mkazo. Kikishonwa nayo, mkazo hurudi mbele. Kwa hiyo ukitaka kusisitiza kivumishi, kuwa mwangalifu kisije kikajishona. Ningesema "een heel klein kind" ningepona.

Maandishi nayo yana mtego huo huo. Rode wijn ni mvinyo mwekundu, na glasi yake ni rodewijnglas, neno moja. Ukiandika rode wijnglas, umeagiza glasi ya mvinyo yenye rangi nyekundu. Kuacha nafasi ni kuvunja mshono, na Mholanzi atasoma vipande kama ulivyomkatia.

Nomino ikigeuzwa kivumishi, tarajia mkazo usogee: TOEkomst, wakati ujao, huwa toeKOMstig, GODSdienst, dini, huwa godsDIENstig. Hapo mshono uko pale pale, ila -ig imeuvuta mkazo hadi silabi iliyo kabla yake.

Umefuata kila kitu, na bado unasahihishwa

Basi umegonga mojawapo ya maneno yanayokaza sehemu ya mwisho. Si mengi, lakini kwa bahati mbaya utayahitaji wiki yako ya kwanza. Jengo la serikali ya mji lina majina mawili: ge-MEEN-te|huis hufuata kanuni, stad|HUIS haifuati. Meya ni burge|MEES-ter. Sukuma wiki yao ya majira ya baridi, inayopondwa pamoja na viazi, ni boeren|KOOL, na kabichi nyekundu ni rode|KOOL. Mwaka mpya ni nieuw|JAAR, mkesha wake ni oudejaars|A-vond. Jua likichwa ni zons|ON-dergang, likichomoza ni zons|OP-gang.

Baadhi ya hayo yalikuwa vifungu vya maneno kabla ya kushonwa, na yamebaki na mkazo wa kifungu, nomino ikiwa juu: rode kool, nieuw jaar. Mengine hayana maelezo yatakayokusaidia kaunta, yakariri kama ulivyokariri ngeli. Jamaa wa Kiholanzi atakayekwambia "kila nomino hukaza mwanzo" mwulize anavyotamka stadhuis.

Majina ya mahali nayo yana njia zake. Miji iliyojengwa kwenye bwawa la mto hukaza bwawa: AmsterDAM kwenye mto Amstel, RotterDAM kwenye Rotte, hata SchieDAM, ZaanDAM na EDAM ya jibini, inayotamkwa e-DAM. EINDhoven hukaza mwanzo. Mtaa unaoishia na straat kwa kawaida hukaza mbele, KALverstraat, lakini jina la kivumishi cha -se likifuatwa na nomino kama plein, uwanja, hukaza nomino. Ukiwa kwenye tramu pale Amsterdam na hujui ushuke wapi, usisubiri kusikia "LEIDseplein". Spika itasema LeidsePLEIN.